Kiswahili Nchini Uganda: Historia Iliyoandikwa na Wasiokisema

Wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Hapa Uganda kuna jambo limesemwa juu ya Kiswahili kwa miaka mingi: kwamba ni lugha ya wezi na askari. Wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza huja nalo darasani, hata wale ambao hawajawahi kuporwa na mwizi wala kuamrishwa na askari kwa lugha hiyo. Katika makala haya tunakusudia kueleza neno hilo lilivyojengeka, nani alikuwa na kalamu lilipoenea, na kwa nini linawachoma wasemaji wa Kiswahili. Mfano wetu ni Naguru, mtaa wa Kampala ambao umekuwa na wasemaji wa lugha hii kwa vizazi kadhaa.

Tuanze na mwaka 1927. Gavana wa Uganda, William Gowers, alipendekeza Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya elimu na utawala katika sehemu kubwa ya nchi. Pendekezo hilo lilipingwa vikali. Kabaka Daudi Chwa aliandika mwaka 1929 kulikataa kwa niaba ya Buganda. Maaskofu wa Kianglikana na wa Kikatoliki nao walilipinga, kwa kuwa kazi yao ilikuwa imesimama juu ya Kiganda, na Kiswahili walikihusisha na Uislamu. Mwaka 1931 Serwano Kulubya na wajumbe wenzake wa Buganda walikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Hoja kubwa mezani ilikuwa mpango wa kuziunganisha Uganda, Kenya na Tanganyika.

Ikumbukwe kwamba hofu ya Baganda haikuwa ya bure. Kenya ilikuwa nchi ya walowezi waliokuwa wamechukua ardhi ya Waafrika, na Kiswahili kilionekana kuwa mlango ambao walowezi hao wangeingilia Uganda. Kwa hiyo, chuki ya mwanzo ilikuwa ya kisiasa. Aliyekataa Kiswahili alikuwa akilinda shamba lake na lugha yake.

Hata hivyo, mizani ya kalamu haikuwa sawa. Wamishonari walikuwa na magazeti yao, Ebifa mu Buganda tangu 1907 na Munno tangu 1911. Baganda wenyewe walianzisha mengine, kama vile Gambuze mwaka 1927. Yote yalitumia Kiganda. Dar es Salaam kulikuwa na gazeti la serikali la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923 na kuwapa wasemaji wa Kiswahili nafasi ya kuandika barua na mashairi. Huku kwetu msemaji wa Kiswahili alikuwa askari wa King's African Rifles, polisi, mchukuzi, Mnubi au kibarua wa reli. Hao hawakuwa na wahariri. Kufikia 1952 Kiswahili kilikuwa kimeondolewa kwenye orodha ya lugha za Kiafrika zilizotambuliwa shuleni, isipokuwa upande wa polisi. Hivyo lugha ilibaki kambini, kisha ikalaumiwa kwa kuwa ya kambini.

Hapo ndipo Naguru inapoingia. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya kikoloni ilijenga nyumba za wafanyakazi wa Kiafrika Nakawa na Naguru. Mwanaanthropolojia David Parkin alizichunguza na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1969. Wapangaji walikuwa Wajaluo, Waluhya, Waacholi, Wateso na wengineo. Mengo mgeni alitarajiwa kujua Kiganda, lakini huku wageni walikutana na wageni wenzao, na Kiswahili kikawa daraja la majirani. Ilikuwa lugha ya bombani, dukani na kiwanjani. Mwaka 1970 serikali ya Milton Obote iliwafukuza wafanyakazi wengi wa Kenya. Nyumba zenyewe zilibomolewa mwaka 2011.

Miaka iliyofuata uhuru iliongeza doa. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Wajumbe wa wilaya walikuwa wamepiga kura, 12 zikikitaka Kiswahili na 8 zikitaka Kiganda. Lakini tangazo lilitoka kwa dikteta, na lugha ikabeba dhambi zake. Vikwazo vya barabarani vilisema Kiswahili. Majambazi nao walikitumia ili wadhaniwe kuwa askari. Baadaye, katika utawala wa pili wa Obote, maneno "panda gari" yakawa jina la misako iliyowasomba raia kwa malori. Wachache walikumbuka kwamba majeshi ya Tanzania yaliyomwondoa Amin mwaka 1979 yalisema lugha hiyohiyo, na raia wakawaita bakombozi.

Mpaka leo, mara nyingi gazeti likitaka kuonyesha polisi mkali humtia mdomoni "wewe, toka!" kwa Kiswahili. Shirika la New Vision lilianzisha Bukedde, Orumuri, Etop na Rupiny kwa lugha nne za nchi, lakini si Kiswahili. Mtoto aliyelelewa katika kambi ya polisi ya Naguru, ambaye kwake hii ni lugha ya mama na ya mchezo, huisoma lugha yake katika vichekesho na habari za uhalifu. Kinyongo chake tunakielewa.

Kisa hiki si chetu peke yetu. Mwaka 1847 wakaguzi watatu wa Kiingereza, wasiojua Kiwelisi, waliandika ripoti kuhusu shule za Wales na kuilaumu lugha hiyo kwa ujinga na maadili mabaya. Mwaka 1866 gazeti la The Times la London lilidai kwamba lugha hiyo ndiyo balaa la Wales. Wawelisi walikasirika, na hasira yao mwishowe ikazaa kazi. Mwaka 1980 Gwynfor Evans alitishia kufunga kula hadi kufa, na mwaka 1982 televisheni ya Kiwelisi, S4C, ikaanza.

Sisi tunayo sheria tayari. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini sheria haifuti neno lililokaa vinywani kwa miaka mia. Neno hufutwa kwa neno.

Walimu wenzetu, tunapendekeza kazi moja. Wanafunzi waende kwa wazee waliowahi kuishi Naguru na Nakawa, wawaulize walikitumia Kiswahili kwa shughuli gani, kisha waandike. Wapo watakaosimulia vitisho vya askari, nao waandikwe vilevile. Wengine watasimulia mikopo ya chumvi, misiba na harusi za majirani. Hayo nayo yalisemwa, ila hayakupata gazeti la kuyachapa.