Kizuri Hakikosi Ila: Jinsi Monita za OLED Zilivyotufikia

Leo naliweka kando somo la kuandika programu nizungumzie kioo tunachokikodolea macho kutwa nzima. Kuna swali ambalo vijana wapenda gemu huniuliza kila mara: je, ninunue monita ya OLED ya Hz 240? Wao hunitajia bei, kasi na rangi. Mimi huwajibu kwa historia, kwa sababu uzuri wa OLED na ila zake ni mapacha. Ukijua walikozaliwa, utajua kama monita hii inakufaa au la.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1897 Mjerumani Karl Ferdinand Braun alitengeneza bomba la CRT, ambalo baadaye lilizaa runinga na monita zile zenye mgongo mrefu. Ndani yake mwali wa elektroni hupiga unga wa fosfa uliopakwa nyuma ya kioo, na unga hung'aa palepale ulipopigwa. Kila nukta humulika kwa muda mfupi sana kisha hufifia. Ndiyo maana kwenye CRT kitu kinachokimbia kilionekana wazi, bila ukungu.

Lakini unga ule ulichoka kwa kutumika. Picha moja ikikaa mahali pamoja kwa miezi, sehemu zilizowaka zaidi zilichakaa kuliko jirani zake, na alama ikabaki. Mashine za gemu ya Pac-Man zilijulikana kwa jambo hilo: kuta za mchezo zilionekana kama kivuli hata mashine ikiwa imezimwa. Zile programu za kurusha picha huku na huku ukiacha kompyuta bila kuigusa hazikuanza kama urembo. Zilikuwa dawa ya kioo kuungua.

Kisha ikaja LCD, nyembamba na nyepesi, na katika miaka ya 2000 ikaifukuza CRT mezani. Hapa mwanga hutoka kwenye taa iliyo nyuma, na pikseli ni kama vidirisha vya kufungua na kufunga. Taa ikichakaa, huchakaa kwa kioo kizima, basi hakuna alama. Tatizo la kuungua likasahaulika. Ila tulilipa kwa njia nyingine. Vidirisha havifungi kabisa, hivyo usiku kwenye gemu huwa wa kijivu. Pia hubadilika polepole, hivyo gari linalokimbia huacha mkia. Wapenda gemu walinung'unika, na kufikia mwaka 2009 LCD za Hz 120 zilikuwa zimeingia sokoni kuwatuliza.

Wakati huohuo jambo lingine lilikuwa likipikwa. Mwaka 1987 Ching Tang na Steven Van Slyke, wanakemia wa kampuni ya Kodak huko Rochester, Marekani, walichapisha matokeo ya kifaa chenye tabaka mbili nyembamba za kemikali za kaboni. Ukipitisha umeme usiozidi volti 10, kemikali zenyewe zinang'aa. Hakuna taa ya nyuma. Pikseli ikizimwa, imezimwa kweli, na weusi unakuwa weusi wa makaa. Tena huwaka na kuzimika kwa sehemu ndogo sana ya milisekunde.

Je, umeona kilichotokea hapo? Mwanga umerudi kwenye pikseli yenyewe, kama enzi za CRT. Na chochote kinachotoa mwanga pikseli kwa pikseli huzeeka pikseli kwa pikseli. Ni kama mshumaa: unamulika kwa kujila. Nikiambiwa kwamba toleo jipya limemaliza tatizo la kuungua, huwa natabasamu tu. Tatizo hilo hupunguzwa. Kuliondoa kabisa kungehitaji kemikali isiyochoka.

Rangi iliyowasumbua zaidi wahandisi ni bluu. Mwanga wa bluu una nishati kubwa kuliko wa nyekundu au kijani, na nishati hiyo huvunja kemikali inayoutoa. Mwaka 1998 watafiti, wakiwemo Stephen Forrest na Mark Thompson, walionyesha njia ya kupata mwanga mwingi zaidi kutoka kwa umeme uleule. Nyekundu na kijani zikafaidika mapema, bluu ikabaki nyuma kwa miaka mingi.

Bidhaa zilikuja kwa mwendo wa kobe. Mwaka 1997 Pioneer iliweka OLED ndogo kwenye redio ya gari. Mwaka 2003 Kodak ikaiweka kwenye kamera. Mwaka 2007 Sony ikatoa runinga ya XEL-1, yenye inchi 11 tu, ambayo Marekani iliuzwa kwa takriban dola 2,500. Kodak yenyewe haikufaidi mavuno: Desemba 2009 ilitangaza kuiuzia LG biashara yake ya OLED, na Januari 2012 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Mwaka uliofuata LG ikaanza kuuza runinga za inchi 55. Mbinu yao ilikuwa kutoa mwanga mweupe katika kila pikseli, kisha kuuchuja kuwa rangi, na kuongeza pikseli ndogo ya nne isiyochujwa.

Simu na runinga zikaenea, lakini monita zikachelewa. Sababu ni rahisi. Kwenye sinema picha hubadilika kila wakati, ila kwenye kompyuta upau wa chini, saa na menyu hukaa palepale kutwa. Dell ilitangaza OLED ya inchi 30 mwaka 2016, na ilipoiuza mwaka 2017 bei ilikuwa dola 3,499. Ndani yake kulikuwa na kihisi cha kuzima kioo ukiondoka mezani. Waliujua ugonjwa wa mtoto wao.

Mlango ulifunguka mwaka 2022. Samsung ilibuni kioo ambacho mwanga wa bluu hupita kwenye chembe ndogo mno zinazougeuza kuwa nyekundu na kijani. Dell, kwa jina la Alienware, ikakitumia kwenye monita ya inchi 34, Hz 175, dola 1,299. Kwangu jambo kubwa halikuwa zile Hz. Lilikuwa dhamana ya miaka 3 iliyotaja waziwazi kwamba kuungua kwa kioo kumo. Kampuni iliacha kujificha, ikapiga hesabu ya hatari na kuibeba. Mwaka 2023 LG ikaleta inchi 27 za Hz 240, na mwaka 2024 zikafika Hz 480.

Je, Hz hizo zina maana? Zinayo. OLED hubadilika haraka, lakini huishikilia kila picha mpaka ijayo ifike, na jicho linalofuata kitu kinachokwenda huona ukungu. Kitu kikipita pikseli 960 kwa sekunde, kwenye Hz 60 ukungu ni wa pikseli 16. Kwenye Hz 240 ni pikseli 4, kwenye Hz 480 ni 2. Ila kadi yako ya picha lazima iweze kuchora picha 240 kwa sekunde. Isipoweza, umenunua gari la mbio la kupanda kwenye foleni.

Sasa ila nyingine. Herufi: Windows hulainisha maandishi ikidhani nyekundu, kijani na bluu zimepangwa mstari mmoja. OLED nyingi hazikupangwa hivyo, na herufi hupata kingo za rangi. Mwangaza: kioo kizima kikiwa cheupe, monita hupunguza mwanga ili isipate joto. Mchana: vioo vya Samsung vikipigwa na mwanga wa dirisha, weusi hugeuka kijivu chenye uzambarau. Kumetameta: kasi ya gemu ikipanda na kushuka, sehemu za giza zinaweza kucheza.

Na hili la nyumbani kwetu lishike sana. Monita hizi hujitibu zikiwa zimezimwa lakini bado zina stima, zikisawazisha pikseli zilizochoka. Sisi tumezoea kuzima kila kitu kwenye soketi ukutani. Ukifanya hivyo kila usiku, au stima ikipotea kila jioni, tiba hiyo haifanyiki.

Uamuzi wangu ni huu. Hesabu saa, usihesabu Hz. Anayecheza saa 2 kwa siku, gemu tofauti tofauti, chumba chenye kivuli, atafurahi mno. Lakini mtu wa kazi yangu huangalia menyu zilezile saa 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Kwa wiki 50 hizo ni saa 2,000 kila mwaka. Huyo ningemshauri abaki na LCD kwa kazi, na OLED akiitaka iwe ya jioni.

Tena kabla ya kutoa akiba ya miezi, uliza dhamana itatimizwa wapi. Dhamana nyingi hufungwa na nchi ya ununuzi, na monita iliyobebwa na binamu kutoka ng'ambo inaweza kufika Mombasa bila ulinzi wowote. Kama muuzaji hawezi kukuonyesha kwa maandishi kwamba kuungua kumo, bei yake bado ni kubwa, hata akuondolee nusu.