Hina na Piko: Majina Mawili Yasiyopaswa Kuchanganywa

Nilipokuwa nikifundisha ngeli za nomino, nilipenda kuanza na ndimu na mdimu: tunda limo katika ngeli ya I-ZI, mti wake umo katika ngeli ya U-I. Mfano wa pili ulikuwa hina na mhina. Neno hina tumelipokea kutoka Kiarabu, lakini hatukulipokea kama bidhaa ya dukani tu. Tulilipa kiambishi cha mti, likawa mhina, wingi wake mihina, likakaa pamoja na mwembe na mkorosho. Lugha inatuambia kwamba mti huu tumeupanda, tumeuchuma na tumeujua.

Historia ya hina ni ndefu kuliko ya lugha yetu. Wamisri wa kale waliitumia kutia nywele rangi. Katika mapokeo ya Kiislamu inasimuliwa kwamba Makka ilipofunguliwa mwaka 630, Abu Quhafa, baba yake Abu Bakr, aliletwa mbele ya Mtume akiwa na mvi nyeupe pe. Ikaamriwa zibadilishwe rangi, ila weusi uepukwe. Ndiyo maana hata katika pwani yetu ndevu nyekundu za mzee hazishangazi mtu, na hina haikuwa ya bibi harusi peke yake.

Mwaka 1753 Linnaeus aliuita mti huu *Lawsonia inermis*. Neno hilo la pili ni la Kilatini, maana yake "usio na silaha", yaani usio na miiba. Kumbe matawi yake makuukuu huota miiba! Jina lisilolingana na kitu humchoma mwenye kuliamini.

Na hapa ndipo penye hoja yangu. Siku hizi nasikia watu wakisema "hina nyeusi". Hina nyeusi haipo. Majani ya mhina yakikaushwa, yakasagwa na kukandwa kwa maji ya ndimu, hutoa rangi inayoshikamana na nywele taratibu kwa muda wa saa kadhaa. Rangi hiyo huanzia ya machungwa hadi nyekundu ya kahawia, wala haivuki hapo. Atakaye weusi wa mimea hutafuta mti mwingine, nili: nywele hutiwa hina kwanza, zikaoshwa, kisha zikapakwa unga wa majani ya nili.

Weusi wa haraka una asili nyingine. Mwaka 1863 mkemia Mjerumani August Wilhelm von Hofmann alieleza kemikali iitwayo parafenilindiamini. Mwaka 1907, mjini Paris, Eugène Schueller alitengeneza rangi za nywele za kemikali, na biashara hiyo ikaenea duniani. Kwetu rangi nyeusi ya namna hii ilipata jina lake: piko. Wenye lugha waliona kitu kipya, wakakipa neno jipya. Huo ulikuwa uangalifu.

Piko ikipakwa kwenye ngozi huweza kuleta malengelenge na makovu, na aliyekwisha kupata mzio nayo huweza kuubeba maisha yake yote. Katika Umoja wa Ulaya kemikali hiyo haizidi asilimia 2 katika rangi inayopakwa nywele, na hairuhusiwi kuchorea ngozi. Nchini Sudan, ambako imezoeleka kuchanganywa na hina, hospitali zimepokea watu waliodhurika vibaya.

Hata hina safi ina mipaka yake. Mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali inayopatikana zaidi katika nchi zenye malaria, damu yake huweza kuharibika akipakwa. Kwa hiyo mtoto mchanga asipakwe. Mtu mzima naye ajaribu kidogo nyuma ya sikio, angoje siku mbili. Unga uuzwao kwa jina la hina, nao ukatia weusi kwa nusu saa, una kisichoandikwa kwenye pakiti.

Washairi wenzangu, sisi tunaotafuta vina tunajua uzito wa neno moja. Tukimsifu bibi harusi kwa hina, iwe hina kweli. Na penye piko tuseme piko. Msichana anayenyoosha mkono wake apakwe ana haki ya kuambiwa jina la kitu hicho kabla hakijamgusa.