Kutoka Kikombe na Kijiko hadi Mwangwi wa Sikio: Historia ya Utambuzi wa Uziwi kwa Watoto Wachanga, 1944–1998

Katika karne ya 20, swali la iwapo mtoto mchanga anasikia lilitoka katika kukisia likaingia katika kupima. Insha hii inajadili mabadiliko hayo nchini Uingereza na Marekani. Hoja yake ni kwamba kuchelewa kuutambua uziwi kulimnyima mtoto lugha, na ndiyo maana umri wa utambuzi ukawa kiini cha utafiti.

Mwaka 1944, Irene na Alexander Ewing wa Manchester walichapisha makala kuhusu utambuzi wa uziwi utotoni. Kipimo kilichotokana na kazi yao kilihitaji vifaa vya nyumbani. Mtoto wa miezi saba hadi tisa alipakatwa na mama yake. Mtu mmoja alimshughulisha kwa mbele, na mwingine, akiwa nyuma, alisugua kijiko kwenye ukingo wa kikombe. Aliyegeuka alihesabiwa kuwa anasikia. Hata hivyo, mtoto kiziwi aliyeona kivuli aligeuka vilevile, na wa umri mdogo zaidi hakupimika kwa njia hiyo.

Katika miaka ya 1960, Marion Downs aliongoza upimaji wa watoto wachanga huko Denver, Colorado. Walisikilizishwa sauti kubwa, na wapimaji wakaangalia kama wanashtuka au kupepesa macho. Takriban watoto 17,000 walipimwa. Lakini matokeo yalitegemea jicho la mpimaji, na kamati ya pamoja ya wataalamu iliyoundwa mwaka 1969 haikuunga mkono upimaji wa watoto wote kwa njia hiyo.

Mwaka 1978, David Kemp wa London aliripoti kwamba sikio zima, likipelekewa mlio, hurudisha sauti hafifu itokayo katika sikio la ndani. Maikrofoni ndogo iliweza kuinasa sauti hiyo hata mtoto akiwa usingizini. Mwitiko wa mtoto haukuhitajika tena, ingawa kipimo hiki hakionyeshi hali ya neva ya usikivu.

Lilibaki swali la manufaa. Mwaka 1998, Christine Yoshinaga-Itano na wenzake walilinganisha watoto 72 wa Colorado waliotambuliwa kabla ya kupita miezi sita na 78 waliotambuliwa baadaye. Makundi yote mawili yalihudumiwa muda mfupi baada ya utambuzi. Miongoni mwa wenye uwezo wa kawaida wa kiakili, waliotambuliwa mapema waliwazidi wenzao kilugha, iwe familia zilitumia usemi pekee au pamoja na alama.

Matokeo hayo yanadhihirisha kwamba kifaa kilipunguza muda wa kusubiri tu. Lugha yenyewe, ya sauti au ya alama, mtoto aliipata kwa watu waliomzunguka, nao walihitaji kujua mapema jinsi ya kuzungumza naye.