Kikulacho Ki Nguoni Mwako

Methali hii sote tunaijua, na tumezoea kuwasemea watu: rafiki mnafiki, ndugu msaliti. Leo naomba tuisome kama ilivyo, kwa maana ya nguo.

Nakaa Malindi, hatua chache kutoka bandarini. Jioni wachukuzi hupita mtaani wamejaa vumbi la saruji, na nyumbani kuna mtu wa kuzifua nguo zile. Saruji si asbesto, nisieleweke vibaya. Lakini kwa kuwaona kila siku, nilipoanza kusoma habari za Libby nilishindwa kuziacha.

Libby ni mji mdogo wa Montana, Marekani. Kwa miongo kadhaa palichimbwa vemikulaiti, madini yanayofumuka kama bisi yakitiwa moto. Watu waliyajaza kwenye dari kuzuia baridi, wakayachanganya na udongo wa bustani. Tatizo ni kwamba ndani yake mlikuwa na nyuzi za asbesto. Kampuni ya W. R. Grace iliununua mgodi mwaka 1963, ukafungwa 1990. Wachimbaji walirudi nyumbani na vumbi, wake zao wakakung'uta nguo, watoto wakawarukia baba zao. Kando ya kiwanja cha besiboli kulikuwa na marundo ya vemikulaiti, na watoto wakicheza humo humo.

Asbesto haina haraka. Uzi usioonekana kwa macho hukaa kwenye pafu miaka ishirini, hata arubaini, kabla ya kuleta kovu au saratani. Mtu anapoanza kukohoa, vumbi lenyewe limeshasahauliwa.

Na haikuwa siri. Mwaka 1960, huku huku Afrika, J. C. Wagner na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 33 wa mesotelioma, saratani ya utando wa mapafu. Wengi walitoka kwenye vilima vya asbesto vya Cape, Afrika Kusini. Wamo ambao hawajawahi kushika sururu. Waliishi jirani tu.

Ikapita miaka 39. Novemba 1999 mwandishi Andrew Schneider wa Seattle Post-Intelligencer akaandika juu ya vifo vya Libby, na serikali ikaja mbio. Mwaka 2000 na 2001 watu 7,307 wakahojiwa. Mimi kama mwanahabari nilivutiwa zaidi na maswali. Hawakuishia kwenye "ulifanya kazi mgodini?" Waliuliza: uliishi na mfanyakazi wa mgodi? Ulicheza kwenye marundo? Ulitia vemikulaiti bustanini? Watu wazima 6,668 wakapigwa eksirei, na asilimia 17.8 wakakutwa na kasoro kwenye utando wa mapafu. Kwa wasiotaja njia yoyote ya kukutana na vumbi, ilikuwa asilimia 6.7. Kwa waliotaja njia 12 au zaidi, 34.6.

Mwaka 2009 Libby ikatangazwa kuwa dharura ya afya ya umma. Mwaka huo huo kampuni na wakubwa wake wakashinda kesi ya jinai.

Historia ya migodi huandikwa kwa tani na mishahara. Mfuaji nguo hayumo kwenye daftari la kampuni, kwa hiyo akiugua tunasema ana kifua tu, kazi ya Mungu. Mpaka atokee mtu wa kumuuliza: bibi, ulikuwa ukifua nguo za nani?