Darubini Pekee Haitoshi: Kuitambua Bunduki ya Mdunguaji wa Vita Kuu

Bunduki kuukuu yenye darubini hubandikwa upesi jina la bunduki ya mdunguaji, na ikiwa imeokotwa kando ya Ziwa Tanganyika, huongezewa pia sifa ya kupigana vita vya 1914. Madai hayo yanastahili kupimwa kwa makini, kwani historia ya vita hivyo upande huu wa ziwa imeandikwa zaidi na maofisa wa Kijerumani na Kibelgiji, na silaha zenyewe ni miongoni mwa mashahidi wachache wanaoweza kuwasahihisha. Hoja yangu ni kwamba darubini ndiyo ya mwisho kuaminiwa. Kwanza tuulize bunduki ilifikaje hapa Burundi, kisha tuangalie kama namba zilizogongwa kwenye sehemu zake zinakubaliana.

Bujumbura ilianza mwaka 1897 kama Usumbura, kituo cha kijeshi cha Wajerumani. Vita vilipozuka, kati ya kampuni 14 za askari wa koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, ni sita tu zilizokuwa zimepewa Mauser ya 1898. Nyingine zilibaki na ile ya 1871, ya milimita 11, iliyotumia baruti nyeusi. Kila mlio wake ulitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mpigaji alipo, na kwa mtu ambaye uhai wake ni kutoonekana, hilo lilitosha kumwangamiza. Mnamo Aprili 1915 meli Rubens ilifika Ghuba ya Mansa, karibu na Tanga, ikapigwa mizinga na manowari ya Kiingereza Hyacinth, lakini sehemu kubwa ya shehena yake ikaokolewa, zikiwemo bunduki mpya zipatazo 1,800. Meli hiyo iliondoka Ujerumani wakati jeshi la huko ndiyo kwanza linaanza kutafuta darubini kwa ajili ya wapiganaji wa mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji. Kwa hiyo Mauser ya 1898 inayoonyeshwa leo ikiwa na darubini ya jeshi, huku ikidaiwa kutoka kwa askari wa Usumbura, inabeba mzigo mzito wa kujithibitisha. Nao Wabelgiji, walioutwaa mji tarehe 6 Juni 1916, walijulikana kwa Mauser yao ya 1889, ya milimita 7.65, bunduki ambayo kiwanda cha FN cha Herstal kiliundwa ili kuitengeneza.

Kuna pingamizi lenye uzito. Walowezi wa Kijerumani walikuwa wawindaji, nao waliunda kampuni zao za walenga shabaha. Je, bunduki ya kuwindia haikuweza kufanya kazi ya mdunguaji? Iliweza. Frederick Selous, mwindaji maarufu wa Kiingereza, aliuawa Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, na masimulizi mengi yanasema alidunguliwa. Ila matumizi ni jambo moja na asili ni jambo lingine. Bunduki ya mlowezi iliyoua vitani ina thamani yake kamili ya kihistoria bila kupachikwa cheo ambacho kiwanda wala jeshi havikuipa, na ushahidi wake utafutwe kwenye jina la mwenye mali, leseni na barua.

Mfano bora wa asili inayothibitika ni Lee-Enfield Namba 4 (T) ya Vita vya Pili, iliyogeuzwa kuwa ya wadunguaji na Holland & Holland. Herufi T hugongwa ubavuni mwa chuma chake, namba ya darubini huandikwa kwenye shingo ya kitako, na namba ya bunduki hurudiwa kwenye kishikio cha darubini. Mambo hayo matatu yakiafikiana, shaka hupungua sana. Mosin-Nagant ya Kisovieti ni ngumu zaidi: baada ya vita, nyingi zilivuliwa darubini na matundu yake kuzibwa, kisha wafanyabiashara wakazifunga upya darubini zisizo zake, au wakatoboa bunduki za kawaida. Hapo mkaguzi atazame matundu yenyewe, mkono wa komeo uliopindwa, na kama kutu ya skrubu inalingana na ya chuma kinachoizunguka. Kusugua na kung'arisha kabla ya ukaguzi ni kuua ushahidi, na nadhani uharibifu huo umetugharimu kuliko udanganyifu wa makusudi.

Wapo watakaosema kwamba nchi iliyotoka katika vita vilivyoanza 1993 haina sababu ya kutunza bunduki, na kwamba Itifaki ya Nairobi ya 2004 inataka silaha za ziada ziteketezwe. Nakubaliana nao kuhusu hatari, na silaha inayofyatuka isiwekwe makumbusho. Lakini kupiga picha, kunakili kila namba na kuandika mahali bunduki ilipopatikana hakumhatarishi mtu, na chache zilizo adimu zinaweza kuzibwa mtutu zisifyatuke tena kabla ya kupelekwa Makumbusho ya Taifa, Gitega. Wanaosimamia uteketezaji, tafadhali wekeni daftari la kumbukumbu hizo kando ya tanuru, na mwiteni mwanahistoria kabla moto haujawashwa.