Maradhi ya "koloni": lishe, tiba na tahadhari zake

Katika nchi za Kiarabu, mtu anayesumbuliwa na tumbo mara kwa mara husema kwa mkato kwamba ana "koloni". Kila binadamu ana koloni, yaani utumbo mpana. Anachokusudia msemaji ni al-qawlun al-asabi, maradhi ambayo madaktari huyafupisha kwa herufi IBS na ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuyaita utumbo unaokereketa upesi.

Maradhi haya hayaui wala hayageuki kuwa saratani. Hata hivyo, huweza kumnyima mtu raha ya safari, ya kazi na hata ya kukaa na wageni. Sehemu kubwa ya nafuu yake hupatikana jikoni, lakini si kwa kuacha kila chakula kinachotiliwa shaka. Kinachotakiwa ni kwanza kuhakikisha kwamba ni maradhi haya hasa, na kisha kutambua kwa utaratibu ni chakula gani kinachomdhuru mgonjwa mwenyewe.

Ni maradhi gani?

Kwa mujibu wa vigezo vilivyotolewa na wataalamu mwaka 2016, vijulikanavyo kama vigezo vya Roma, mgonjwa huwa na maumivu ya tumbo angalau siku moja kwa wiki katika muda wa miezi 3 iliyopita, na dalili hizo ziwe zimeanza si chini ya miezi 6 nyuma. Maumivu hayo huambatana na mambo mawili au zaidi kati ya haya matatu: huhusiana na kwenda haja kubwa, huja pamoja na mabadiliko ya idadi ya safari za chooni, au huja pamoja na mabadiliko ya choo chenyewe. Wapo wanaofunga choo, wapo wanaoharisha, na wapo wanaopatwa na yote mawili kwa zamu. Kujaa gesi ni lalamiko la wengi.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021, uliowahusisha watu zaidi ya 73,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba watu wapatao 4 katika kila 100 waliojibu kwa njia ya intaneti walikuwa na dalili zinazotimiza vigezo hivyo. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume.

Ukiutazama utumbo wa mgonjwa kwa vipimo vya kawaida, hauonyeshi kidonda wala uvimbe. Hitilafu imo katika mwendo wake na katika mawasiliano ya mishipa ya fahamu baina ya utumbo na ubongo. Gesi ambayo mtu mwingine haihisi, huyu humuumiza. Mara nyingine maradhi huanza baada ya ugonjwa wa kuharisha: takriban mtu mmoja kati ya kumi waliopata maambukizi ya tumbo hubakia na dalili hizi. Hofu na dhiki huzidisha maumivu, lakini hiyo haina maana kwamba maumivu ni ya kubuni.

Kwanza, hakikisha

Tahadhari hii ni muhimu zaidi kwa watu wa Afrika Mashariki. Amiba, giardia, kichocho cha tumbo kinachopatikana kandokando ya Ziwa Viktoria, na hata kifua kikuu cha utumbo, vyote huweza kuleta maumivu na kuharisha kunakofanana na IBS. Dawa ya kisukari iitwayo metformini nayo huwaharisha baadhi ya wanaoitumia. Mtu aliyejipa mwenyewe jina la "koloni" huenda akakaa miaka na ugonjwa unaotibika kwa dawa za siku chache.

Zipo dalili ambazo hazipasi kusubiri. Miongoni mwake ni damu katika choo, kupungua uzito bila ya kukusudia, homa, upungufu wa damu, kuamshwa usiku na kuharisha, kuwa na jamaa wa karibu aliyeugua saratani ya utumbo, au dalili kuanza kwa mara ya kwanza baada ya umri wa miaka 50. Mwenye moja ya hizo aende hospitali kabla ya kubadili chakula.

Jambo jingine ambalo wengi hukosea ni kuacha ngano kabla ya kupimwa. Kuna maradhi ya siliaki, ambapo mwili hushambulia utumbo kwa sababu ya gluteni iliyomo katika ngano na shayiri. Maradhi haya yapo katika nchi za Kiarabu kama yalivyo Ulaya. Kipimo chake cha damu hutegemea mtu awe bado anakula ngano. Aliyekwisha kuacha mkate huweza kuambiwa hana kitu, ilhali anacho.

Meza ya Samad Ash Shan

Namna chakula kinavyohusika na maradhi haya inaonekana vizuri Samad Ash Shan, mji wa wilaya ya Al Mudhaibi katika mkoa wa Sharqiyah Kaskazini nchini Oman. Sharqiyah ni eneo ambalo koo zake nyingi zilihamia Zanzibar na mwambao wa Afrika Mashariki. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, wengi walirejea Oman na Kiswahili chao na mapishi yao. Kwa hiyo hukutana hapo majiko mawili: tende, kahawa, halwa, harisi na shuwa kwa upande mmoja; pilau, mbaazi za nazi, chapati na maandazi kwa upande wa pili.

Vyakula hivi si vibaya. Ila vingi vyake vina aina za wanga na sukari ambazo utumbo mwembamba hauzinyonyi vyema. Zikifika katika utumbo mpana huvuta maji, nazo bakteria huzichachua na kutoa gesi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, mjini Melbourne, Australia, walizikusanya sukari hizo chini ya jina moja, FODMAP, na tangu mwaka 2005 wamekuwa wakieleza lishe inayozipunguza.

Katika meza ya Samad, fruktani zimo katika ngano, na kwa hiyo katika mkate, chapati na harisi, ambayo Zanzibar huitwa boko boko. Zimo pia katika vitunguu maji na vitunguu thomu, ambavyo ni msingi wa pilau na mchuzi. Tende zilizokauka, zikiliwa nyingi, huingia katika kundi hilo. Mbaazi, kunde, dengu na maharage yana galaktani. Maziwa mabichi yana laktosi, ambayo watu wazima wengi wa Afrika na Uarabuni hawaimudu. Katika maziwa ya mgando hupungua, na katika jibini gumu ni kidogo mno. Asali, embe na tikiti maji zina fruktosi nyingi. Halwa na shuwa zina jambo lao: samli na mafuta mengi huuchochea utumbo kujikunja. Kahawa nayo hufanya hivyo.

Kwa upande mwingine, mgonjwa ana mengi ya kula bila ya hofu kubwa: wali, ugali wa mahindi, mbatata, samaki, kuku, mayai, karoti, mchicha, machungwa, papai, na ndizi ambazo hazijaiva kupita kiasi.

Hatua tatu

Lishe ya Monash si katazo la maisha. Ina hatua tatu, na inafaa ifuatwe kwa msaada wa mtaalamu wa lishe pale anapopatikana.

Hatua ya kwanza ni kupunguza vyakula vyote vilivyotajwa kwa wiki 2 hadi 6. Ikiwa hapana nafuu yoyote, basi chakula hicho sicho chanzo, na hapana haja ya kuendelea kujinyima.

Hatua ya pili ni kurejesha kundi moja moja kwa siku chache, kwa kiasi kidogo kisha kikubwa zaidi, huku mgonjwa akiandika katika daftari alichokula na alivyojisikia. Huenda akagundua kwamba vitunguu thomu vinamuumiza lakini mbaazi hazimdhuru.

Hatua ya tatu ni kurudia chakula cha kawaida, pungufu ya kile tu kilichothibitika kuleta taabu. Anayebaki katika hatua ya kwanza kwa miezi huweza kukosa virutubisho, na bakteria wenye manufaa katika utumbo hupungua.

Upishi nao husaidia. Fruktani huyeyuka katika maji, haziyeyuki katika mafuta. Kwa hiyo punje za kitunguu thomu zikaangwe katika mafuta na kutolewa kabla ya kutia maji. Harufu hubaki na fruktani huondoka. Majani mabichi ya vitunguu hushika nafasi ya kitunguu chenyewe. Mbaazi na kunde zilowekwe, zichemshwe na maji yake yamwagwe.

Taasisi ya NICE ya Uingereza, katika mwongozo wake wa mwaka 2008, inashauri mambo mepesi ya kuanzia: kula kwa nyakati maalumu bila ya haraka, kunywa vikombe 8 vya maji au vinywaji visivyo na kafeini kwa siku, na kutozidisha vikombe 3 vya chai au kahawa.

Dawa za asili na za hospitali

Maganda ya mbegu za isabgol yamethibitika kusaidia, hasa wanaofunga choo. Yaanze kwa kiasi kidogo na yanywewe kwa maji mengi. Pumba za ngano, kinyume chake, huzidisha gesi. Mafuta ya nanaa katika vidonge hulegeza misuli ya utumbo na yana ushahidi wa kuridhisha, ingawa huweza kuleta kiungulia.

Tangawizi, uzile, habasoda na maji ya ubani yanayonywewa Oman ni tiba za jadi ambazo ushahidi wake kwa maradhi haya bado ni mdogo. Sanamaki hufungua choo kwa hakika, lakini si dawa ya kunywewa kila siku bila ya ushauri wa daktari.

Hospitali hutoa dawa za kutuliza mkazo wa utumbo na loperamidi kwa kuharisha. Utafiti uliofanyika Uingereza kwa wagonjwa 463, na kuchapishwa mwaka 2023, ulionyesha kuwa amitriptilini kwa kipimo kidogo huleta nafuu pale njia za mwanzo ziliposhindwa. Dawa hiyo ilianza kama dawa ya sonona, lakini hapa hutumika kutuliza mishipa ya utumbo. Anayeandikiwa asidhani kwamba ameambiwa ana wazimu.

Ugenini na Ramadhani

Taabu kubwa ya mgonjwa huwa mbele ya mwenyeji. Kukataa tende na kahawa huweza kuonekana kama kukataa heshima. Desturi ya Oman yenyewe ina njia: tende moja na finjani moja hutosha, kisha mgeni hukitikisa kikombe, na mwenyeji hufahamu kwamba ametosheka. Hali kadhalika wakati wa kufuturu, tende moja na maji, kisha chakula cha wastani baada ya sala, humfaa mgonjwa kuliko kushiba kwa pupa baada ya tumbo kukaa tupu mchana kutwa.

Nyumbani, afadhali mgonjwa awaeleze wapishi wake waziwazi. Sufuria moja ya mchuzi usio na vitunguu si adhabu kwa familia, na aibu ya kulitaja tumbo isiwe sababu ya mtu kuugua kimya kimya. Dalili zikibadilika, au ikizuka moja ya zile za hatari zilizotajwa hapo juu, arejee kwa daktari hata kama aliwahi kuambiwa kwamba ni "koloni" tu.