Majongoo ya Marege: safari iliyokoma mwaka 1907

Mara kwa mara Australia huchoma moto mashua za wavuvi wa Indonesia walionaswa wakivua majongoo bahari kwenye maji yake. Wavuvi hurudishwa kwao mikono mitupu, wakiitwa wavamizi. Jina hilo halisimami mbele ya historia ya pwani yenyewe.

Angalau tangu katikati ya karne ya 18, mabaharia wa Makassar, kusini mwa Sulawesi, walikuwa wakivuka kila Desemba kwa upepo wa kaskazini-magharibi hadi nchi waliyoiita Marege, ambayo leo ni Arnhem Land, kaskazini mwa Australia. Upepo ukigeuka, mnamo Aprili, walirudi. Mlaji wa majongoo alikuwa Mchina, kama ilivyo kwa yale yanayoanikwa Unguja.

Shahidi mashuhuri wa safari hizo ni Matthew Flinders, nahodha Mwingereza aliyekuwa akichora ramani ya Australia. Februari 17, 1803, alipoipita rasi ya Wilberforce, aliona vyombo sita vimetia nanga kando ya kisiwa. Akahofia maharamia, akamtuma mdogo wake Samuel na mashua yenye silaha. Kumbe ni wafanyabiashara! Manahodha sita wakapanda merikebu ya Flinders, wakiongozwa na mzee Pobassoo, huku mpishi wake Mmalay akitafsiri. Walikuwa Waislamu, na walipowaona nguruwe ndani ya mashua ya merikebu hiyo walishtuka mno. Mvinyo hata hivyo waliunywa, na jioni wakaomba chupa ya kuondoka nayo. 

Pobassoo alimweleza kwamba mwaka huo vyombo 60 na watu 1,000 walikuwa pwani hiyo. Yeye alikuwa amekuja mara sita au saba katika miaka 20, bila ramani, na dira ndogo tu ya mfukoni. Goti lake lilikuwa limewahi kuchomwa mkuki na wenyeji. Akaeleza kazi: jongoo hupasuliwa, huchemshwa, hukandamizwa kwa mawe, hutanuliwa kwa vijiti vya mianzi, kisha hukaushwa juani na kwenye moshi. Flinders alimpa bendera ya Uingereza, naye akaipeperusha mbele ya msafara wake.

Mikuki haikuwa habari yote. Wayolngu, wenyeji wa huko, walipata vyuma, tumbaku na mitumbwi ya kuchonga. Wapo waliosafiri hadi Makassar, na ndoa zikafungwa. Mpaka leo mikwaju iliyoota kwenye kambi za Wamakassar ingali ufukweni.

Kilichoikata safari ni karatasi. Miaka ya 1880 serikali ya Australia Kusini, iliyokuwa ikiitawala pwani hiyo, ilianza kudai ushuru na leseni. Mwaka 1906 ikaamua kutotoa leseni tena. Nahodha Using Daeng Rangka, aliyekuwa na watoto pande zote mbili, alifunga ukurasa mwaka 1907.

Mwaka 1988 chombo Hati Marege, kilichoundwa kwa mtindo wa kale, kilirudia safari hiyo, na sasa ni pambo la makumbusho ya Darwin. Kwa wavuvi wa leo, mkataba wa 1974 kati ya Australia na Indonesia unawaachia wale wa jadi wa Indonesia eneo karibu na miamba ya Ashmore, kwa mashua zisizo na injini. Jakarta na Canberra ziupitie upya, na safari hii Wayolngu na Wamakassar waketi mezani.